Saa Nne ya Mama Mkwe

Hasira zangu ziko karibu, na kicheko changu kiko karibu zaidi. Mke wangu husema angejua mapema angeomba mahari ya ziada kwa usumbufu. Kazi ninayoifanya haijasaidia. Nachukua programu huria, zile ambazo watu wa mbali wameziandika na kuzitoa bure, maandishi yake yote wazi kwa anayetaka kuyasoma, kisha nazijenga upya ziweze kukubali kwenye kompyuta za aina mbalimbali. Kuna chombo kinachoitwa kompaila ambacho husoma maandishi hayo na kuyageuza kuwa kitu ambacho mashine inakielewa. Kompaila ikiridhika hunyamaza. Isiporidhika hukutapikia makosa skrini nzima, na unaweza kushinda siku ukitafuta nukta moja iliyosahaulika.

Nimeajiriwa na familia ya Kihindi yenye karakana ya sufuria hapa Kisumu. Mzee ana kompyuta ya aina yake, mwanawe aliyesoma ng'ambo ana nyingine inayong'aa ambayo haruhusu mtu aiguse kwa vidole vyenye mafuta, na kule karakanani kuna ya tatu ambayo vumbi limeingia mpaka rohoni. Programu ile ile inaimba kwa mzee, inanuna kwa mwanawe, na karakanani inakufa kabisa. Nimezoea. Kompyuta ni kama kwa wakwe: kila boma lina adabu zake, na lililo heshima hapa ni matusi pale. Sikujua kwamba siku moja nitakutana na kompyuta na wakwe mahali pamoja, Jumamosi moja, kabla ya chakula cha mchana.

Mama mkwe wangu anaishi upande wa Kombewa. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni miaka mingi, na muda wote huo alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwao. Anatunga nyimbo. Huandika do, re, mi zake kwenye daftari, sauti nne zote, na marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akiimba bezi. Mzee huyo, kabla hajafariki, alikwenda soko la Kibuye akarudi na kompyuta kuukuu, akamfundisha mkewe kuitumia. Baba mkwe alipotuacha, Mama aliendelea kutunga peke yake. Kila baada ya wiki mbili alinitumia flashi kwa mtu anayekuja mjini, nami nilimchapishia nyimbo zake ofisini.

Huzuni ilitoka kwenye flashi hizo. Kompyuta huandika kando ya kila faili saa lilipohifadhiwa, na faili za Mama zilisema 03:40. Nyingine 04:15. Nyingine 03:05. Saa tisa usiku, saa kumi usiku, wiki baada ya wiki, tangu mzee azikwe. Nilifanya kosa la kumwonyesha mke wangu. Mke wangu ni muuguzi, na muuguzi akisikia mjane halali usiku haoni tena usingizi yeye mwenyewe. Kila flashi ilipofika aliniuliza saa ngapi safari hii, nami nikamwambia, naye akaacha chakula nusu.

Akapanga. Chumba chetu cha nyuma kikapakwa rangi ya kijani kibichi, rangi ambayo Mama anaipenda. Pazia zikanunuliwa. Tungemwomba ahamie kwetu Kisumu, tena si kumwomba hasa, kumwambia. Tatizo ni kwamba Mama haambiwi. Boma lile ndilo lenye ng'ombe wake, kwaya yake na kaburi la mumewe. Mke wangu alijua hivyo, ndiyo maana alitaka kwanza tumfurahishe. Mama alikuwa na wimbo mpya ambao aliandika kwa muda mrefu kuliko nyingine zote, na hakuwa amewahi kuusikia ukiwa na sauti zake nne pamoja. Alikuwa ameahidi kuupeleka kwa kwaya Jumamosi hiyo saa nane mchana, lakini alisema asipousikia mwenyewe kwanza hataupeleka.

"Tumfanyie asikie wimbo," mke wangu aliniambia. "Akishafurahi ndio nitamwambia."

Nilijisikia shujaa. Kuna programu huria inayosoma do, re, mi na kuziimba kwa sauti za kinanda, nne kwa pamoja. Jumamosi hiyo niliamka mapema nikaijenga kwenye laptopu yangu kwa namna ya kuifaa mashine ndogo na dhaifu ya Mama, maana kuijengea kwake tangu mwanzo kungeichosha saa mbili au tatu. Nilimaliza saa moja na robo asubuhi. Nikaijaribu kwangu, sauti zote nne zikatoka. Nikaitia yote kwenye flashi, maandishi pamoja na vipande vilivyokwisha kujengwa, nikapiga mluzi mpaka Kombewa.

Sasa lazima nieleze adabu, la sivyo hamtaelewa upumbavu wangu. Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hatupeani mikono. Sikai naye benchi moja, siingii chumbani kwake, na neno langu kwake mara nyingi hupitia kwa mke wangu hata kama sote watatu tuko sebule moja. Kompyuta ilikuwa imeletwa sebuleni kwa ajili yangu, lakini Mama hakubali mtu mwingine aiwashe. Mumewe alimwonyesha jinsi ya kuiwasha, hatua zote ziko kwenye daftari kwa mwandiko wa marehemu, na huiwasha yeye. Basi alipoketi kuiwasha mimi nikatoka nje, kama inavyopasa, nikaenda kusimama karibu na tangi la maji nikawatazama ng'ombe. Niliporudi mashine ilikuwa imeshaamka na Mama yuko jikoni.

Nikainakili programu. Nikaifungua. Nikauweka wimbo wa Mama, nikabonyeza, na sauti zikatoka. Tatu.

Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, safi kabisa. Bezi, kimya. Jikoni nako sufuria zikanyamaza, nikajua Mama anasikiliza. Kisha mke wangu akaja akaniambia kwa upole kwamba Mama anauliza mzee yuko wapi.

Sikuchukua muda kuona ubaya. Mtu aliyeandika programu hiyo alikuwa na mashine kubwa, akaiandalia bezi hesabu ya namba kubwa. Kwenye mashine ndogo namba hiyo haikuenea, ikamwagika, na bezi ikamwagika nayo. Nikafungua maandishi, nikaupata mstari, nikaurekebisha. Nikatupa jicho kwenye pembe ya skrini: 4:12. Saa nne na dakika kumi na mbili, nikajiambia, mapema kabisa, chai bado haijaiva. Nikaamuru mashine ijenge upya.

Ikanijibu kwamba hakuna la kufanya, kila kitu kiko tayari.

Nikadhani sikuhifadhi. Nikahifadhi tena. Hakuna la kufanya. Nikafunga, nikafungua, nikahakikisha mstari wangu mpya uko pale pale, nikaamuru tena. Hakuna la kufanya. Nikaichezesha programu: sauti tatu, bezi kimya. Mke wangu akapita na sahani ya mihogo, akaniangalia uso, akaenda zake bila kuuliza. Ananijua.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Nilijaribu ninayoyajua na nisiyoyajua. Mwishowe hasira zikanipanda hadi kwenye nywele, nikafungua maandishi yale na katikati ya mistari ya heshima ya watu wa mbali nikaandika, kwa herufi kubwa: WEWE NI NG'OMBE, BABA YAKO NI NG'OMBE, NA ALIYEKUUZA KIBUYE ALIJUA. Kompaila yoyote duniani ingepiga kelele kwa kitu kama hicho. Nikaamuru ijenge.

Hakuna la kufanya, ikasema, kila kitu kiko tayari.

Hapo nikaanza kucheka. Nimetusi mashine kwa herufi kubwa nayo imenikubalia. Nilicheka peke yangu kwenye sebule ya wakwe, picha ya marehemu ikinitazama ukutani, na kadiri nilivyojizuia ndivyo kicheko kilivyozidi. Mke wangu alikuja mbio akifikiri nimepata habari za msiba.

Nikamweleza huku nikifuta machozi. Nilimwambia kwamba mashine hii inajifanya mvivu kwa makusudi: ili isirudie kazi bure, hulinganisha saa za maandishi na saa za kipande kilichojengwa. Maandishi yakiwa mapya kuliko kipande, inajenga upya. Yakiwa ya zamani, inasema hakuna la kufanya. Na sasa tazama, nikamwambia, tazama ujinga wake. Nikamfungulia orodha ya faili, mpya zikiwa juu. Juu kabisa kilikaa kipande nilichojenga nyumbani asubuhi, 7:15. Chini yake maandishi niliyotoka kuyatusi, 4:25.

"Hiki ni cha saa moja na robo," nikasema. "Hiki cha saa nne na dakika ishirini na tano. Moja na nne, ipi inakuja kwanza? Hata mtoto wa nasari anajua."

Mke wangu aliitazama skrini kwa muda. Yeye kazini huandika saa kwenye kadi za wagonjwa kutwa nzima, na hakuna mchezo kwenye kadi.

"Hiyo ni saba na robo," alisema. "Na hii ni nne na dakika ishirini na tano. Nne ni ndogo kwa saba."

"Ndiyo, lakini nne ni saa nne."

"Nne si saa nne. Nne ni saa kumi ya usiku."

Tukageuka sote wawili kutazama dirishani. Jua lilikuwa limekaa juu ya paa la zizi, kuku wamejificha kivulini. Nikatoa simu mfukoni. Simu ilisema 10:38. Nikaitazama kompyuta. Kompyuta ilisema 4:38. Nilikuwa nimekaa mbele ya saa hiyo muda wote ule, nimeisoma mara kumi, na kila mara iliniambia ukweli mtupu, kwa sababu kule Kombewa, kwenye sebule ile, ilikuwa saa nne. Mtu wa kompyuta mzima nimesoma saa ya mashine kama anayesoma kivuli cha nguzo.

Nilikuwa tayari kucheka tena, lakini mke wangu hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Aliita jikoni, akamuuliza mamake sasa ni saa ngapi.

"Saa nne na nusu imepita," Mama akajibu. "Chai iko karibu."

"Na kompyuta uliiambia saa ngapi?"

Mama akatokea mlangoni akipangusa mikono. Akasimama mbali nami kwa adabu, akamjibu bintiye, lakini alinitazama mimi, maana alidhani mimi ndiye nisiyeelewa. Alisema kompyuta ile ilikuja kutoka Kibuye ikiwa haijui saa. Ukiizima inasahau. Kila asubuhi ikiamka kitu cha kwanza ni kuuliza, na mzee alimwandikia kwenye daftari, hatua ya kwanza: iambie saa.

"Sasa nilikuwa nimeambia yeye tatu na nusu," alisema. "Ilikuwa saa tatu na nusu. Mlitaka nimwambie ngapi?"

Mke wangu akamuuliza kama huwa anaandika nyimbo usiku.

"Usiku?" Mama alimshangaa. "Usiku si ni ya kulala, nyathina, mwanangu? Mimi nakamua ng'ombe, nakunywa chai, nakaa hapa na nyimbo zangu. Saa tatu, saa nne. Jua ikikuja kali naacha."

"Kwa hivyo unalala."

"Nalala kama gunia. Hata babako alikuwa analalamika."

Mke wangu akakaa chini. Hakukuwa na kiti nyuma yake, alikaa sakafuni tu, akaanza kulia na kucheka kwa wakati mmoja, mikono usoni. Miezi yote ile ya sahani zilizoachwa nusu, na Mama alikuwa akiandika nyimbo zake juani, ameshiba chai. Mimi niliyezaliwa hapa hapa nilizisoma saa zake kule ofisini kwa hesabu ya kompyuta, nikamhesabia usiku ambao hakuwahi kuwa macho. Niliona haya, na nilifurahi kupita kiasi. Nilitaka kumkumbatia mtu, na aliyekuwa karibu alikuwa mama mkwe, basi nikakumbatia mgongo wa kiti.

Mama hakuelewa kwa nini bintiye analia. Mke wangu, pale pale sakafuni, akamwambia yote: flashi, saa tisa usiku, chumba cha nyuma, rangi ya kijani kibichi, pazia. Alikuwa ameandaa maneno hayo kwa wiki tatu, yakatoka hovyo hovyo kwa dakika moja. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza chumba hicho kina ukubwa gani, akaambiwa.

"Weka printa huko," alisema. "Mnanichapishia nyimbo kidogo kidogo sana."

Nikarekebisha saa ya kompyuta, nikahifadhi maandishi upya, nikaamuru ijenge. Safari hii mashine ilinguruma kama iliyoamshwa kwa teke, na makosa yakaanza kumiminika. Kumi, ishirini, arobaini. Sijawahi kufurahia makosa namna ile. Nilipiga makofi. Yalikuwa makosa ya kweli, mashine ilikuwa inasoma nilichoandika, na ndipo nikakumbuka nilichoandika. Kompaila ina tabia ya kukuonyesha mstari uliokosea kama ulivyo. Ilikuwa inalalamika kwamba kwenye NG'OMBE kuna alama iliyofunguliwa ambayo haikufungwa, na ili nisipotee, ilinakili mstari wote skrini nzima.

Mama, aliyekuwa amesogea kuona kelele ni za nini, akausoma kwa sauti, neno moja moja, kama anavyofundisha maneno ya wimbo mgeni. Alipofika mwisho akamuuliza bintiye ni nani ameandika baba yake ni ng'ombe. Mke wangu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameinuka sakafuni, akarudi sakafuni. Mimi nilitoka nje kwenda kwenye tangi la maji. Nilinawa uso muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Niliporudi nikafuta matusi, nikajenga, na kompaila ikanyamaza. Kimya cha kompaila ni kitamu, mtu asikudanganye. Nikamwita mke wangu, naye akamwita Mama, na Mama akavua aproni kabla hajaketi, kwenye kiti cha mbali karibu na mlango. Nikabonyeza.

Sauti ya kwanza ikaanza peke yake, ya pili ikaifuata, ya tatu ikaingia katikati. Kisha kutoka chini, bezi. Kinanda tu, si mtu, na spika zenyewe ni za Kibuye. Lakini ilikuwa bezi, ikaibeba nyumba nzima. Mke wangu alitazama picha ukutani. Mama alifumba macho, kidole chake kikihesabu juu ya goti. Nilijua kwamba nikivuta makamasi nitasikika, nikayaacha.

Ubeti wa pili, Mama akainua mkono. Nikasimamisha. Akafungua macho na, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe bintiye, akanigeukia mimi mwenyewe akanisemesha moja kwa moja.

"Baba, hapo bezi inapanda," alisema. "Mzee hangekubali kupanda hapo. Angenitupia hii karatasi. Rudisha chini."

Nikamsogezea kibodi na kuondoka mezani. Akaja akaketi, akafuta noti moja, akaandika nyingine, akacheza tena tangu mwanzo. Bezi ikabaki chini. Mama akasema, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake haki yake, kwamba sasa ni mzuri, utakwenda.

Saa nane mchana ulikwenda. Sisi wawili tulikaa benchi la nyuma kanisani, tukasikia kwaya ikiuanza kwa kusitasita, na wanaume watatu wa bezi wakigombania noti ile ile. Mama aliwanyamazisha akawaambia wasipande. Njiani kurudi Kisumu mke wangu aliimba bezi hiyo mwenyewe, vibaya sana, hadi tukafika.

Wiki iliyofuata nilinunua betri ndogo, ile ya duara inayokaa ndani ya kompyuta kuikumbusha saa, nikampelekea. Mama alimwambia mke wangu aniambie ahsante, akaiweka kwenye droo. Mzee alisema mashine hii lazima iambiwe, na yeye ataendelea kuiambia. Sikubishana. Nilirudi nikaongeza mistari michache kwenye programu ili isijali saa yoyote ile, nikaituma pia kwa wale watu wa mbali walioiandika, nikiwaeleza sababu kwa kifupi. Mmoja wao aliniuliza kama nina uhakika, kwamba kuna watu kweli wanaoanza kuhesabu saa jua likichomoza. Nilimjibu kwamba tupo wengi na tumelala vizuri.

Flashi bado zinakuja. Ya juzi niliichomeka jioni, mke wangu akiwa amesimama nyuma yangu na sahani yake mkononi. Faili lilisema 03:30. Aliinama kulisoma, kama anavyofanya siku zote.

"Saa tatu na nusu," alisema. "Ameshakunywa chai." Akaendelea kula.